Wosia wa mwanamke asiyeolewa: nani hupata nini

Wosia ni maagizo ya mtu kuhusu mali yake itakavyogawanywa atakapofariki. Mtu mzima yeyote mwenye akili timamu anaweza kuuandika. Kwa mwanamke ambaye hakuolewa, hata hivyo, wosia una uzito wa pekee, na uzito huo hautegemei ukubwa wa mali. Mwenye nyumba tatu na mwenye akiba ndogo benki wako sawa hapa, kwa sababu tatizo ni jinsi sheria inavyowatambua watu wake asipoacha neno.

Tuchukue Uingereza, kwa kuwa sheria za mirathi za nchi nyingi zimechota huko. Mtu asiye na mume wala mtoto akifa bila wosia, mali yake huenda kwa wazazi. Wazazi wakiwa wameshatangulia, huenda kwa ndugu wa baba na mama mmoja, na aliyekufa kati yao nafasi yake hushikwa na watoto wake. Baada yao ndugu wa kuchangia mzazi mmoja, halafu babu na bibi, halafu shangazi, wajomba na ndugu wengine wa wazazi. Wote hao wakikosekana, mali inachukuliwa na serikali kwa jina la Taji, yaani ufalme. Rafiki aliyemuuguza miaka mitano hayumo. Mwenza waliyeishi naye nyumba moja bila ndoa hayumo. Mtoto wa ubatizo hayumo, wala nyumba ya ibada, wala kituo cha yatima alichokuwa akikichangia kila mwezi.

Sheria hufuata damu na ndoa, basi. Kwa mwenye mume na watoto, makadirio hayo mara nyingi hayako mbali na alichokitaka. Kwa asiyeolewa yanaweza kuwa mbali kabisa, maana familia yake ya kweli huenda aliijenga mwenyewe, mtu mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Wosia ndio hati pekee inayoweza kuwataja watu hao mbele ya mahakama wakati yeye hayupo.

Kutoolewa si lazima kuwe kutokuwa na mtoto. Mwenye watoto, hao ndio hutangulia katika sheria nyingi, na hesabu yote hubadilika. Hapa namzungumzia zaidi asiye na mume wala mtoto.

Historia ina jambo la ajabu kuhusu wanawake hawa. Kwa karne kadhaa Uingereza, mwanamke aliyeolewa hakuweza kutoa mali kwa wosia kwa hiari yake, kwa kuwa kisheria mali yake ilikuwa mikononi mwa mume. Mabadiliko makubwa yalikuja na sheria ya mali ya wanawake walioolewa ya mwaka 1882. Kabla ya hapo, wanawake waliokuwa huru kusema "hiki changu apewe fulani" walikuwa wajane na wale ambao hawakuolewa. Jamii iliwahurumia, wakati mwingine iliwadharau, lakini kalamu ya wosia ilikuwa mikononi mwao.

Jane Austen, mwandishi Mwingereza ambaye hakuolewa, aliandika wosia wake Aprili 1817, miezi mitatu kabla ya kufa. Ni mfupi sana. Kila alichokuwa nacho alimwachia dada yake Cassandra, baada ya kulipa gharama za mazishi na mafungu mawili ya pauni 50: moja kwa kaka yake Henry, jingine kwa Madame Bigeon, mwanamke aliyekuwa mtunza nyumba wa Henry. Sheria isingemfikia kamwe mwanamke huyo wa mwisho. Wosia haukuwa na mashahidi, hivyo ilibidi watu wawili waliomfahamu waape kwamba mwandiko ule ulikuwa wake. Tangu sheria ya wosia ya mwaka 1837, Uingereza hudai mashahidi wawili waliopo kwa pamoja wakati wa kutia saini. Na shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu, wala mume au mke wake: wosia utasimama, lakini zawadi ya huyo itapotea. Rafiki wa karibu ndiye huombwa ushahidi kwa wepesi, na ndiye huyo huyo anayeweza kukosa alichoandikiwa.

Wosia huo wa mistari michache unaonyesha pia jinsi zawadi zinavyotofautiana. Kuna zawadi ya kitu kinachojulikana: cherehani hii, kiwanja kile, mkufu wa mama. Kitu hicho kikiwa kimeuzwa au kimepotea siku ya kifo, aliyeandikiwa kwa kawaida hapati badala yake. Kuna zawadi ya kiasi cha fedha, kama zile pauni 50. Na kuna salio, yaani yote yanayobaki baada ya madeni, gharama na zawadi nyingine kutolewa. Watu huhangaika sana na vitu vidogo, nani apewe saa, nani apewe vyombo, kisha salio wanalimaliza kwa mstari mmoja au wanalisahau. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye wosia wenyewe. Salio ndilo hupokea mali iliyonunuliwa baada ya wosia kuandikwa, na zawadi iliyokosa mwenyewe huangukia humo. Bila kutaja mwenye salio, sehemu hiyo yote hurudi kugawanywa kwa kufuata damu, kana kwamba wosia haukuwapo. Madeni nayo yakizidi, salio ndilo huliwa kwanza, kisha zawadi za fedha hupunguzwa kwa uwiano, na vitu mahsusi huguswa mwisho. Kwa hiyo ukimwachia unayempenda kuliko wote "kinachobaki", jiulize kwanza kama kitabaki.

Thamani ya mali nayo haitulii. Grace Groner, katibu muhtasi wa Marekani ambaye hakuolewa, alinunua hisa 3 za kampuni aliyofanyia kazi mwaka 1935 kwa jumla ya dola 180. Alipofariki Januari 2010 akiwa na umri wa miaka 100, zilikuwa zimezaa takriban dola milioni 7, na alikuwa amezielekeza kwa wanafunzi wa chuo alichosoma, Lake Forest. Anayeandika kiasi kamili cha fedha leo hajui kitakuwa sehemu gani ya mali yake baada ya miaka 30. Kugawa salio kwa mafungu, nusu, robo, sehemu moja ya kumi, hustahimili mabadiliko hayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Oseola McCarty, dobi wa Hattiesburg, Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1908. Aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze shangazi yake, akafua na kupiga pasi nguo za watu maisha yake yote, na hakuolewa wala hakuzaa. Alipozeeka, ofisa wa benki alimwekea mezani sarafu 10, kila moja ikiwakilisha sehemu moja ya kumi ya akiba yake, akamwuliza zigawanywe vipi. Moja aliipa kanisa lake. Ndugu zake watatu akawapa moja moja. Sita zilizobaki akazielekeza Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, ziwasomeshe vijana wasio na uwezo. Mwaka 1995 fungu hilo la chuo lilikadiriwa kuwa dola 150,000. Kisheria alitumia amana, ambako mali inawekwa chini ya mwangalizi na mwenyewe anaendelea kuitumia akiwa hai, lakini fikra ni ile ile ya wosia: aligawa kwa sehemu, kila sehemu ina mwenyewe, na ndugu hawakuachwa nje ili wageni wapewe. Alifariki mwaka 1999.

Ndugu ndio huhitaji uangalifu zaidi. Asiye na mtoto mara nyingi huwaachia kaka na dada zake, ambao ni wa rika lake, na baadhi yao wanaweza kufa kabla yake. Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Uingereza huiokoa zawadi ya aliyetangulia kufa ikaenda kwa watoto wake pale tu huyo aliyetangulia anapokuwa mtoto, mjukuu au kitukuu wa mwenye wosia. Dada akitangulia, wanawe hawaingii mahali pake wenyewe, isipokuwa wosia umesema: "kwa dada yangu, na akitangulia kufa, kwa watoto wake kwa mafungu sawa." Sentensi hiyo moja inawaokoa wapwa waliolelewa na mwenye wosia huyo. Hali hiyo huwapata marafiki pia, kwa hiyo kila jina liwe na la pili nyuma yake.

Katika nchi nyingi mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu anaweza pia kwenda mahakamani kudai matunzo kutoka kwenye mirathi, hata kama wosia haukumtaja. Mama mzee anayelipiwa dawa na kodi na bintiye ni mfano wa karibu kabisa. Ni vizuri zaidi kumwekea fungu lake kwa maandishi kuliko kumwachia mzee huyo safari za mahakamani.

Kuhusu marafiki, zawadi ikiwa kubwa, ndugu watauliza kwa nini. Barua inayoambatana na wosia husaidia: ieleze kwa maneno ya kawaida huyu alikuwa nani na alifanya nini. Barua ya namna hiyo haina nafasi ya wosia kisheria, lakini inampa msimamizi wa mirathi cha kujibu, na inawatuliza watu waliokuwa wakisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

Hisani nayo inataka usahihi. Andika jina kamili la taasisi kama lilivyosajiliwa, na namba ya usajili kama ipo. "Kwa watoto yatima" peke yake hulazimisha watu wabishane. Sema pia kama fedha ni za matumizi yoyote au kwa kazi maalumu, ukikumbuka kwamba kazi maalumu sana inaweza kuisha. Sophia Smith wa Hatfield, Massachusetts, aliyerithi mali ya kaka yake mwaka 1861 na ambaye hakuolewa, alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia, akafikiria kuacha fedha kwa ajili ya shule ya viziwi. Mtu mwingine alipotoa fedha za shule kama hiyo, alibadilisha wosia, akaelekeza mali kwenye chuo cha wanawake. Alifariki mwaka 1870, na Smith College ilifunguliwa mwaka 1875 ikiwa na wanafunzi 14. Uamuzi ule wa kurudi mezani na kuandika upya ndio uliozaa chuo. Taasisi ikifa kabla ya mwenye wosia, mahakama katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza zinaweza wakati mwingine kuelekeza fedha kwenye kazi inayofanana nayo, lakini ni afadhali kutaja taasisi ya pili mwenyewe.

Kwa Mwislamu mipaka iko wazi zaidi. Wosia hauvuki theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, na haumwendei mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Zinazobaki, theluthi mbili, hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa. Tuseme amefariki mwanamke asiyeolewa, asiye na mtoto, ambaye baba yake ameshafariki, akaacha mama, kaka mmoja na dada mmoja wa baba na mama mmoja, na mali yake ni mafungu 27. Wosia unaweza kuchukua mafungu 9. Katika 18 yanayobaki, mama hupata sudusi (sehemu moja ya sita), yaani 3, kwa sababu marehemu ana ndugu zaidi ya mmoja. 15 yaliyosalia huenda 10 kwa kaka na 5 kwa dada. Ile theluthi ndiyo nafasi ya rafiki, ya mpwa ambaye harithi kwa kuwa kaka yu hai, ya ndugu wa dini nyingine, na ya msikiti au madrasa. Watu wengi huifikiria kama kizuizi. Mimi naiona kama mlango uliowekwa makusudi kwa wale ambao damu haiwafikii, na inasikitisha kwamba wengi hufa bila kuufungua.

Kuna mali ambayo wosia hauigusi. Nyumba au akaunti ya pamoja inaweza kwenda moja kwa moja kwa mshirika aliyebaki, kutegemea ilivyosajiliwa. Mafao ya kazi na bima ya maisha mara nyingi hufuata jina lililojazwa kwenye fomu. Mfanyakazi asiyeolewa kwa kawaida alijaza jina la mama yake siku ya kwanza kazini, na mama huyo huenda alishafariki miaka mingi. Fomu hizo zisomwe siku ile ile wosia unapoandikwa. Msimamizi naye awe mtu anayetarajiwa kuishi baada yako, anayejua nyaraka ziko wapi. Anaweza kuwa miongoni mwa wanaorithi, mradi asiwe shahidi.

Na akija kuolewa baadaye? Uingereza, na katika nchi kadhaa zilizoiga sheria yake, ndoa hufuta wosia wa awali wote, isipokuwa ule uliosema wazi kwamba unaandikwa kwa kutarajia ndoa na mtu fulani. Mwanamke anayeolewa akiwa na miaka 55 anaweza kudhani mpwa wake, rafiki yake na kile kituo cha yatima bado wamo kwenye karatasi iliyoko kabatini, kumbe tangu siku ya harusi haina nguvu. Hapo aandike mwingine, na majina yale ayarudishe moja baada ya jingine.