Kanisa na wasanii wake: dhana tano zinazosikika Nyanda za Juu Kusini

"Kuimba ni kipaji, hakifundishwi."

Kipaji kipo. Lakini waimbaji na watunzi wengi wanaotoka Tukuyu, Mbozi, Mafinga au Njombe wamepikwa na mazoezi ya kwaya ya kila wiki, kuanzia kwaya ya watoto hadi ya vijana. Nyenzo kuu ni nota za d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti), mfumo ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Ulishika vijijini kwa sababu hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Chaki na ubao vinatosha.

Mwalimu anayejua kazi yake huanza na nota, maneno baadaye. Kila sauti, kuanzia ya kwanza iliyo juu kabisa hadi ya nne iliyo chini kabisa, husoma mstari wake peke yake. Kisha huunganisha sauti ya kwanza na ya nne, kwa kuwa hizo mbili ndizo zinazobeba wimbo, halafu huingiza ya pili na ya tatu. Maneno huja mwisho. Kwaya iliyokariri kwa kusikiliza simu huonekana imeiva haraka, lakini wakisimama madhabahuni sauti ya pili na ya tatu huteleza na kuifuata ya kwanza, maana sikio hukimbilia tuni kuu. Kosa jingine ni kutoa "do", nota ya msingi ambayo kwaya nzima huitegemea, kwa kubahatisha. Tafuta kwanza nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza, ijaribu, ndipo utoe "do". Ukipanda mno, kufikia ubeti wa tatu waimbaji wote watakuwa wameshuka.

"Ukiwa na tuni nzuri, unapachika maneno ya Kiswahili tu."

Hapa ndipo nyimbo nyingi zinapoharibika, na inauma kwa sababu dawa yake ni rahisi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani walizoleta Wamoraviani na Walutheri huanza na nota nyepesi kabla ya pigo zito. Ukianza na "Bwana" au "Yesu", silabi ya kwanza inaangukia nota nyepesi na ya pili inabeba pigo zito: bwa-NA, ye-SU. Msikilizaji anahisi kuna kitu kimepinda hata kama hawezi kusema ni nini. Weka "Mwokozi" mahali hapohapo, pigo zito linaiangukia KO, na wimbo unakaa sawa. Ukitaka kubaki na "Bwana", anza moja kwa moja kwenye pigo zito.

Kabla ya kutafuta tuni, soma shairi kwa sauti huku ukipiga makofi kwenye kila mkazo. Fanya hivyo kwa beti zote. Ubeti wa kwanza kwa kawaida hukaa vizuri; wa tatu ndio unaoumbua. Kwa lugha za nyumbani tahadhari inaongezeka. Kihehe kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, hivyo tuni inayoshuka pale neno linapopanda inaweza kulifanya lisieleweke. Kinyakyusa hakina toni, na mtunzi wake ana uhuru mkubwa zaidi.

"Wamisionari walizima ngoma zote, basi ngoma si ya kanisani."

Ni kweli ngoma nyingi zilipigwa marufuku, na hasara yake haijafidiwa. Lakini hawakuwa na msimamo mmoja. Traugott Bachmann, Mmoraviani aliyefungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, alitetea mila nyingi za Wanyiha. Padri Stephen Mbunga, wa upande wa Songea, alitunga Misa Baba Yetu, nyimbo za misa zenye mahadhi ya asili, mwaka 1959. Miaka minne baadaye, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliagiza, katika hati yake ya liturujia, kwamba muziki wa asili wa kila taifa upewe heshima na nafasi inayostahili. Padri wetu alitangulia hati hiyo.

"Sanaa ya kanisa ni kwaya tu."

Nenda Iringa mjini, Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa chini ya Kanisa Anglikana mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Humo wanafuma, wanashona, na wametengeneza hata karatasi kwa kinyesi cha tembo. Inawezekana kwa sababu tembo humeng'enya takriban nusu tu ya anachokula. Nyuzi za majani na magome hubaki. Kinyesi huchemshwa na kuoshwa mpaka nyuzi zibaki safi, rojo huchotwa kwa fremu ya wavu, hukamuliwa, huanikwa.

"Kazi ya Bwana hailipwi, na wimbo ni mali ya kwaya."

Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani anayeheshimiwa na kila usharika wa Kilutheri, alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara katika makanisa ya Leipzig tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake kulalamika kwamba kipato kimepungua, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa njema na mazishi, yaliyomletea posho, yalikuwa machache. Hakuna anayesema imani yake ilikuwa ndogo.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, haki ni ya aliyetunga, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Ugomvi hutokea wimbo ukishavuma redioni na mtunzi ameshahama kwaya. Basi kabla ya kuingia studio, andikeni chini ya karatasi ya nota: nani katunga maneno, nani tuni, nani kapanga sauti nne, na mwaka. Karatasi nyingine ieleze nani analipia studio na mapato yatagawanywaje. Mtunzi na mwenyekiti wa kwaya watie saini, na kila mmoja abaki na nakala.