Asubuhi nyeupe Moshi haimaanishi mchana mkavu Kilimanjaro

Wapandaji wengi wakiamka mjini Moshi na kuiona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iking'aa, hakuna hata wingu, huamini siku nzima itakuwa shwari. Jaketi la mvua linasukumwa chini kabisa ya begi kubwa, begi anapewa mpagazi, na mpagazi anatangulia. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Mlima huu hujitengenezea mawingu yake. Jua likipanda, miteremko hupata joto, na hewa yenye unyevu kutoka msituni hupanda juu. Inapopanda inapoa, mvuke unageuka wingu, na kufikia saa saba au saa nane mchana ukungu umeshafunika njia. Usiku hewa baridi huteremka na mawingu hushuka nayo, ndiyo maana alfajiri inayofuata kunakuwa kweupe tena. Kwa hiyo weupe wa asubuhi unakueleza habari za usiku uliopita tu. Hali hii hutokea hata kiangazi, si wakati wa masika na vuli peke yake.

Halafu kuna baridi. Kwa wastani, kila mita 1,000 unazopanda hupunguza takriban nyuzi 6 za joto, na Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, iko mita 5,895. Fulana ya pamba ikilowa kwa mvua au jasho haikauki huko. Upepo ukiipiga, mwili unapoteza joto haraka, mikono inakufa ganzi hata zipu haifungiki.

Nakusihi, jaketi la mvua na sweta kavu vikae kwenye begi dogo mgongoni mwako mwenyewe, juu kabisa, hata kama jua linawaka.