Je, wajua kwa nini mimba ya wiki 6 huwa imetungwa wiki 4 tu zilizopita?

Dereva wa lori la mizigo, njia ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, anarudi nyumbani tarehe 13 Machi. Tarehe 12 Aprili mkewe anakwenda kliniki, anapimwa, anarudi na kadi iliyoandikwa "wiki 6". Bwana anahesabu kurudi nyuma kwa vidole: wiki 6 zinaangukia tarehe 1 Machi, na siku hiyo yeye alikuwa bado kwenye foleni ya malori Tunduma. Kelele zinaanza.

Kisa ni cha kutunga, ila hesabu ni ya kweli, na wakunga wameshasuluhisha ugomvi wa namna hii mara nyingi. Kadi haijakosea, wala mama hana kosa. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ambayo mimba yenyewe haipo. Wiki mbili za mwanzo za "ujauzito" ni wiki ambazo mwanamke hana mimba kabisa.

Utaratibu huo ulishika kwa sababu ya kawaida sana: hedhi inaonekana na inakumbukwa, ila yai linapotoka na kurutubishwa hakuna anayeona. Daktari wa uzazi Mjerumani Franz Naegele, aliyefariki mwaka 1851, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni inayotumika hadi leo: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Kwa mama wa kisa chetu, aliyeanza hedhi tarehe 1 Machi, inatoka tarehe 8 Desemba.

Sasa tufuate mwezi wake ulivyokwenda. Mzunguko wake ni wa siku 28, kwa hiyo yai lilipevuka na kutoka kwenye ovari kama tarehe 14 au 15 Machi. Yai likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu za kiume ndizo zenye subira: zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilingoja. Ndiyo maana mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake huko Marekani, waliofuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto, waliona kwamba siku za kushika mimba ni 6 tu: siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka. Aliyefika nyumbani tarehe 13 alifika kwa wakati wake.

Hapa watu wengi huking'ang'ania kile kinachoitwa "siku ya 14" kana kwamba kila mwanamke ana kalenda moja. Daktari Mjapani Kyusaku Ogino alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba hesabu yenye uhakika zaidi huenda kinyumenyume: yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Huyo akiandikiwa wiki 6 kwa hesabu ya hedhi, mimba yake kwa kweli imetungwa wiki 3 zilizopita, na ultrasaundi itaonyesha mtoto mdogo kuliko kadi. Wengine huambiwa mtoto hakui, kumbe kilichokosewa ni tarehe.

Mbegu hukutana na yai ndani ya mrija wa uzazi, wala si ndani ya mfuko wa uzazi. Yai lililorutubishwa linaanza kugawanyika huku likisukumwa polepole mrijani, linaingia kwenye mfuko wa uzazi baada ya siku 3 au 4, linaelea humo kidogo, ndipo linatafuta pa kujishikiza. Katika utafiti mwingine wa Wilcox, wa mwaka 1999, mimba zilizodumu kupita wiki 6 nyingi (asilimia 84) zilijipandikiza siku ya 8, 9 au 10 baada ya yai kutoka. Kwa mama wetu hiyo ni kati ya tarehe 22 na 25 Machi. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kadiri kiinitete (yai lililorutubishwa na kuanza kukua) kinavyochelewa kujipandikiza, ndivyo uwezekano wa mimba kuharibika mapema unavyopanda.

Kabla ya hapo mwili wa mama haujapata taarifa yoyote. Kiinitete kikishajichimbia ndipo kinaanza kumwaga kwenye damu homoni ya hCG, na kazi yake ya kwanza ni kukiamuru kile kifuko kilichoachwa na yai kwenye ovari kiendelee kutengeneza projesteroni. Projesteroni ikiendelea kuwapo, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi haubomoki. Hivyo tarehe 29 Machi inafika, na hedhi haiji.

Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinatafuta hiyo hCG. Kupima siku 5 baada ya kukutana ni kutupa hela. Subiri siku ya hedhi ipite, tumia mkojo wa asubuhi, na ukipata mstari mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku chache, maana homoni hiyo huongezeka karibu maradufu kila siku 2 au 3. Matiti kuuma si ushahidi: projesteroni hupanda kila mwezi baada ya yai kutoka, mimba iwepo isiwepo. Ila ukiwa na mimba au hedhi imechelewa, kisha tumbo la chini likuume sana upande mmoja au usikie kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yai huweza kujipandikiza mrijani, na mrija ukipasuka damu inavujia ndani.

Kuna pia wanaotokwa na matone machache ya damu siku za mwanzo wa mimba, wakadhani ni hedhi nyepesi. Yakiandikwa kwenye kadi kama hedhi ya mwisho, mimba inapunguzwa karibu mwezi mzima. Na mama anayenyonyesha, au aliyetoka kuacha sindano ya uzazi wa mpango, huenda hana hedhi ya kuhesabia hata kidogo. Kwa hao ultrasaundi ndiyo mkombozi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki 24, na ikifanywa ndani ya miezi 3 ya mwanzo hukosea kwa siku 5 hadi 7 hivi. Baadaye watoto hukua kila mmoja kwa kasi yake na makisio yanalegea, kwa hiyo ukipewa tarehe mbili na ultrasaundi mbili, shika ile ya kwanza.