Jita na Ucheleweshaji katika Sauti ya Kompyuta

Wasikilizaji wengi wa muziki kwa kompyuta huzungumzia jita na ucheleweshaji kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja, hata wengine hushauri kupunguza bafa (akiba ya sauti ndani ya kompyuta) ili kusafisha sauti, ilhali kila kimoja kina chanzo chake na mahali pake pa kurekebishwa.

Wimbo wa kiwango cha CD huhifadhiwa kama nambari 44,100 kwa sekunde katika kila chaneli. Kigeuzi, yaani kifaa kinachobadilisha nambari hizo kuwa mawimbi ya umeme, hutakiwa kutoa moja kila baada ya mikrosekunde 22.7 hivi, kwa kufuata mapigo ya saa ya kielektroniki. Pigo likiwahi au likichelewa, nambari iliyo sahihi hutoka wakati usio wake na wimbi la sauti hupotoka umbo: hiyo ndiyo jita. Sauti nyembamba huathirika kuliko besi, kwa kuwa wimbi lake hupanda na kushuka upesi zaidi. Kwa sauti ya hezi 10,000, jita ya nasibu ya nanosekunde 1 huleta kelele iliyo desibeli 84 hivi chini ya sauti yenyewe, wakati biti 16 za CD zinaweza kufikia takriban 98.

Ucheleweshaji ni muda unaopita tangu programu itoe sauti hadi isikike. Kompyuta hufanya kazi nyingi kwa zamu, hivyo huweka akiba ya sampuli, yaani zile nambari za sauti, katika bafa, kama simtangi linaloendelea kutoa maji pampu ikiwa imezimwa. Bafa ya sampuli 1,024 katika kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde huchelewesha sauti kwa milisekunde 21.3, ya sampuli 128, kwa 2.7. Tofauti hiyo humsumbua mwimbaji anayerekodi huku akijisikia kwenye hedifoni, lakini anayesikiliza tu hapotezi chochote wimbo ukianza sehemu ya hamsini ya sekunde baadaye. Kinyume chake, akipunguza bafa kupita kiasi, kompyuta ikishughulika kidogo na jambo jingine akiba huisha, na sauti hukatika au hutoa mlio wa "tik".

Kwa hiyo ushauri wa kupunguza bafa ili kusafisha sauti hauna msingi. Dawa ya jita ni saa nzuri iliyo karibu na kigeuzi. Kwenye S/PDIF, njia mojawapo ya kupeleka sauti ya kidijitali kwenye kigeuzi, mapigo husafiri ndani ya waya uleule wa data, na kigeuzi hulazimika kuyachuja huko. Kwenye USB ya mfumo wa asinkronasi, kigeuzi hutumia fuwele zake chenyewe za kutoa mapigo ya saa, mara nyingi mbili: ya megahezi 22.5792 kwa viwango vya ukoo wa 44,100, na ya 24.576 kwa vile vya 48,000. Kigeuzi ndicho huiagiza kompyuta iongeze au ipunguze mwendo wa kuleta data, na utaratibu wa kufika kwake haugusi mapigo ya saa. Mbele ya mpangilio huo, sioni faida ya kununua waya wa USB wa bei ya kutisha.

Kwa kusikiliza, bafa ya 1,024 inatosha kabisa. Kwa kurekodi, anza na 256 katika ASIO au JACK (programu za kupitisha sauti kati ya kompyuta na kifaa cha sauti), kisha ipandishe hadi milio ikome.