Embe halina tundu, funza kaingiaje?

Kila msimu wa maembe wageni wanaotembelea maabara yetu huniletea swali lile lile, na mara nyingi anayeuliza ni mtu mzima. Embe limechumwa zima, ganda halina hata mchubuko, ukilipasua unakuta funza. Wameingiaje? Jibu ni fupi: hawakuingia. Nzi wa matunda alilitoboa embe likiwa bado mtini, akataga mayai chini ya ganda, kitundu kikaziba, mayai yakaanguliwa humo humo.

Lakini swali si la kudharauliwa. Wasomi wakubwa wa Ulaya walihangaika nalo kwa karne nyingi, na wengi waliamini kwamba uhai unaweza kuzuka wenyewe, bila mzazi. Aristotle aliamini kwamba mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, hutoka kwenye tope, maana hakuna aliyewahi kuona mayai yao. Karne ya 17, Jan Baptist van Helmont wa Brussels aliacha maelekezo ya kupata panya: tia shati chafu na ngano kwenye chombo, subiri siku 21. Kilichomshangaza ni kwamba panya walitokea wakiwa wakubwa tayari. Hakushuku kwamba waliingia kwa miguu yao! Na huyu hakuwa mjinga. Ndiye aliyeotesha mti mmoja kwa miaka 5 na kupima udongo wake kabla na baada, ili ajue mti unakula nini.

Wa kwanza kulijaribu jambo hili kwa utaratibu alikuwa Francesco Redi, daktari wa watawala wa Medici huko Florence. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 1668, aliweka nyoka, samaki, mikunga na kipande cha nyama ya ndama kwenye vyombo vinne akavifunga kabisa, na vingine vinne kama hivyo akaviacha wazi. Vya wazi vikajaa funza. Vilivyofungwa vikaoza tu. Wabishi wangeweza kusema amevinyima hewa, basi akarudia akiwa amefunika vyombo kwa kitambaa chepesi cha shashi. Nzi wakaja, wakakosa njia, wakataga juu ya kitambaa.

Hapo ungedhani kesi imekwisha. Haikuisha, hata kwa Redi mwenyewe. Kwenye majani na matawi ya mialoni huota vinundu. Ukikipasua kimoja unakuta buu ndani, na ukuta wake hauna tundu. Redi akaamua kwamba hapo ni mti wenyewe uliomzaa buu. Ni hoja ya embe ile ile. Marcello Malpighi wa Bologna ndiye aliyeonyesha, mwaka 1679, kwamba mdudu hutaga yai kwenye mmea kwanza, kinundu kikaota baadaye kulizunguka.

Malpighi alikuwa na chombo ambacho Aristotle hakukijua: hadubini. Na hapa ndipo seli inapoingia.

Mwaka 1665 Robert Hooke, msimamizi wa majaribio wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, alichukua kipande cha kizibo, kile kinachokatwa kwenye gome la mti. Alinoa kisu mpaka kikawa kikali kama wembe, akakata ukanda mwembamba sana. Kwa kuwa ulikuwa mweupe, akauweka juu ya kibao cheusi na kuumulikia mwanga. Akaona vijumba vitupu vimepangana mfano wa sega la nyuki. Akapiga hesabu: zaidi ya milioni 1,200 katika inchi moja ya ujazo. Akaviita "cell", neno la Kiingereza lenye asili ya Kilatini, maana yake chumba kidogo. Selo ya polisi na seli ya mwilini ni ndugu wa tumbo moja, na kwa kweli alichokiona Hooke kilifanana zaidi na selo: kuta tupu, wenyewe wameshaondoka. Gome lile lilikuwa limekufa.

Walio hai walionekana Uholanzi, mjini Delft, na aliyewaona hakuwa msomi. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa asiyejua Kilatini. Alijitengenezea lenzi ndogo mno, akazibana kati ya vibati viwili, na mojawapo ya lenzi zake zilizobaki mpaka leo hukuza kitu zaidi ya mara 200. Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani huenda ina vijimiba vinavyochoma ulimi. Akailoweka majini ili ilainike, na baada ya wiki kama tatu akachungulia. Vijimiba hakuviona. Aliona viumbe vidogo visivyohesabika vikiogelea, na baadhi yake sasa tunajua vilikuwa bakteria. London hawakumwamini, mpaka Hooke mwenyewe alipoloweka pilipili mwaka 1677 na kuviona.

Cha ajabu, ugunduzi huu uliifufua imani iliyokuwa inakata roho. Sawa, panya hatoki kwenye shati. Lakini hivi vijidudu vinavyojaa kwenye mchuzi kwa siku chache, navyo vina mama? Mwaka 1748 John Needham aliripoti kwamba alichemsha mchuzi wa kondoo, akaufunga kwa kizibo, na vijidudu vikatokea hata hivyo. Lazzaro Spallanzani akachemsha kwa muda mrefu zaidi, akaziba midomo ya chupa kwa kuiyeyusha kioo chenyewe, na hakikutokea kitu. Akaambiwa ameiharibu hewa. Ubishi ukarudi pale pale.

Vitabu vingi vya shule huruka moja kwa moja hadi Matthias Schleiden, mwaka 1838, na Theodor Schwann, mwaka 1839, waliosema kwamba mimea na wanyama vyote vimejengwa kwa seli. Kisha huongeza kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine, kana kwamba wote walikubaliana. Sivyo. Schleiden na Schwann waliamini seli mpya huganda kutoka kwenye majimaji, kama chumvi inavyoganda kwenye majaruba. Yaani uhai kuzuka wenyewe uliingia ndani ya nadharia ya seli kwa mlango wa nyuma. Aliyeufunga mlango huo ni Robert Remak wa Berlin, aliyetazama seli za damu za kifaranga ndani ya yai zikigawanyika mbili mbili. Remak alikuwa Myahudi, na chuo hakikumpa uprofesa kamili. Rudolf Virchow alilitangaza wazo hilo mwaka 1855, na mpaka leo wanafunzi hukariri jina la Virchow.

Kilichobaki ni mchuzi. Louis Pasteur alitengeneza chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya batamaji. Hewa inaingia, vumbi linanasa kwenye mpindo. Mchuzi uliochemshwa ukakaa bila kuharibika. Ukiinamisha chupa mpaka mchuzi uguse lile vumbi, unachacha. Mwaka 1862 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikampa tuzo.

Mpinzani wake, Félix Pouchet wa Rouen, hakuwa mwongo kama anavyochorwa. Pasteur alitumia maji ya hamira yenye sukari. Pouchet alitumia maji ya nyasi kavu. Miaka ya 1870 Ferdinand Cohn na John Tyndall waligundua kwamba bakteria wa nyasi kavu hutengeneza spora, ganda gumu linalostahimili maji yanayochemka. Pouchet alichemsha, na vijidudu vikarudi kweli. Laiti Pasteur naye angetumia nyasi, sijui historia ingemkumbukaje.

Kila seli ina mama, basi. Na seli ya kwanza kabisa? Mwaka 1871 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kuhusu kidimbwi cha maji vuguvugu chenye amonia na chumvi za fosforasi, chenye mwanga, joto na umeme, ambamo protini ingeweza kujiunda. Leo, aliongeza, kitu cha namna hiyo kingeliwa papo hapo na viumbe vilivyopo. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey huko Chicago, alichapisha jaribio la aina hiyo: maji, methani, amonia na haidrojeni ndani ya chupa, na cheche za umeme kwa wiki nzima. Maji yalianza kuwa ya waridi, yakaishia mekundu. Ndani yake alipata asidi amino, matofali ya protini. Seli hakupata.