Je, wajua? Fundi asiye na duka ana nukta kwenye ramani, hata akiificha

Mama alifika Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, saa nne asubuhi na mazulia mawili nyuma ya bodaboda, yamekunjwa na kufungwa kwa kamba ya manila. Simu yake ilimwambia amefika. Mbele yake palikuwa na fremu ya vitenge.

"Mwanangu, ndipo hapa wanapoosha mazulia?"

"Shikamoo mama. Hapana, hapa ni vitenge tu."

"Marahaba. Mbona ramani inasema hapa?"

Kijana wa vitenge alitoka nje akatazama juu, kana kwamba waosha mazulia wangeweza kuwa darini. Kisha akanipigia mimi, kwa sababu pini ile ya ramani nilikuwa nimeibandika mimi.

Shemeji yangu anaosha makochi na mazulia majumbani kwa watu. Anaishi Nyakato. Mashine ya kufyonza maji, ndoo na brashi zake vinalala stoo, na kazi yote inafanyika sebuleni kwa mteja. Hana fremu wala haihitaji. Aliponiomba nimweke kwenye ramani ya Google nikaamini kwamba ramani inataka duka, na kama inataka duka basi heri liwe katikati ya jiji. Rafiki yetu wa vitenge akasema sawa, wekeni hapo. Baada ya aibu ile ya mazulia nikairekebisha, nikahamishia anwani Nyakato kwa shemeji na kuificha, na katika kuirekebisha nikakosea mara ya pili. Kosa la kwanza ni la uzembe tu. La pili ndilo limenifanya niandike, maana kila fundi niliyeongea naye tangu hapo ameliamini kama nilivyoliamini mimi.

Kwanza historia, kwa ufupi. Ramani za Google zilianza 2005. Ukurasa ambao mfanyabiashara anajaza mwenyewe umebadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 2014 uliitwa Google My Business, na tangu 2021 unaitwa Google Business Profile. Masharti yake ya msingi hayajabadilika sana: ni lazima ukutane na mteja uso kwa uso. Anayeuza mtandaoni tu na kutuma mzigo kwa basi hana nafasi humo. Anayekwenda kwa mteja, kama fundi bomba, mnyonya maji taka, mpishi wa shughuli au muosha makochi, nafasi anayo, chini ya aina inayoitwa biashara ya eneo la huduma. Anaandika anwani yake halisi ili ahakikiwe, anaificha isionekane kwa watu, kisha anaorodhesha maeneo anayofika. Maeneo hayo yasizidi 20, na jumla yake isivuke mwendo wa takribani saa mbili kwa gari kutoka anapoanzia safari.

Sanduku la posta halikubaliki. Kwa Mtanzania hili linachekesha kidogo, maana kwa miaka mingi anwani rasmi ya kila kitu, kuanzia shule mpaka kanisa, ilikuwa S.L.P. na namba. Ramani inataka mahali unapoweza kusimama kwa miguu yako.

Sasa kosa la pili.

Nilipoona nafasi 20 za maeneo nilizijaza zote. Nyakato, Buzuruga, Igoma, Kishiri, Mabatini, Kirumba, Pasiansi, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, nikaendelea mpaka Kisesa, Magu na Misungwi. Nilijisikia kama nimefungua matawi 20 kwa usiku mmoja bila kulipa kodi ya pango hata moja. Kesho yake nikapanda daladala mpaka Buhongwa, nikanunua soda, nikakaa kwenye benchi na kutafuta "kuosha makochi".

Hakuwepo. Nikashusha orodha mpaka mwisho, hakuwepo.

Nikarudi Nyakato, nikatafuta maneno yaleyale. Alikuwa wa pili.

Tafsiri yangu ya haraka ilikuwa kwamba maeneo hayajaingia bado, yanahitaji siku chache. Nikasubiri wiki tatu. Nikayafuta, nikayaandika upya. Nikabadilisha mpangilio, Buhongwa ikawa ya kwanza kwenye orodha. Nayasimulia haya yote ili uone jinsi dhana potofu inavyoweza kumchosha mtu mwenye akili zake timamu. Tatizo halikuwa kwenye orodha, kwa sababu orodha hiyo haikuwa inafanya kazi niliyodhani inafanya.

Google wenyewe wanasema matokeo ya jirani hupangwa hasa kwa mambo matatu: biashara inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Umbali hupimwa kuanzia alipo mtafutaji, au kuanzia mahali alipopataja akitafuta. Lakini umbali unahitaji ncha mbili. Ncha ya kwanza ni mteja. Ya pili ni ipi, kama fundi hana duka?

Hapa nitaazima dagaa.

Usiku wa giza, ukisimama ufukweni Kirumba ukatazama ziwani, utaona taa zimepangana mbali kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Mvuvi hawafuati dagaa mmoja mmoja. Anawasha taa mahali, anasubiri, na dagaa walio karibu wanaukusanyikia mwanga. Kisha anainua wavu, na kinachoingia ni kile kilichokuwa kimesogea.

Mteja anayetafuta ni taa. Kila anayeandika "kuosha makochi" anawasha karabai pale alipo, awe Buhongwa sebuleni au Igoma kituoni. Mafundi ndio dagaa. Wavu unapoinuliwa unakamata waliokuwa karibu na mwanga, na kila dagaa ana mahali alipo usiku ule.

Orodha ya maeneo 20 ni dagaa anayetangaza: mimi huogelea kuanzia Mwanza mpaka Ukerewe. Huenda anasema kweli, na mapezi anayo. Lakini wavu hausikilizi matangazo. Unakamata kilichopo pale taa ilipo, na dagaa wetu, kwa maneno yake yote, usiku ule alikuwa Nyakato.

Na kwa nini Nyakato, wakati anwani ilifichwa? Kwa sababu kuificha ni kuwafichia watu. Pini inaondoka, mteja haoni nyumba, ila nukta iliyotumika kuhakiki biashara inabaki kwenye mfumo. Ndiyo ncha ya pili. Nilikuwa nimechanganya kuficha na kutokuwa nayo.

Mfano wa dagaa unavuja sehemu moja, nami sitauziba kwa pamba. Dagaa wote wanafanana, mafundi hawafanani. Mwenye maoni mengi mazuri, anayetajwa kwenye tovuti na kurasa nyingine, anaweza kuvutwa na taa ya mbali kuliko jirani asiyejulikana. Hilo ndilo jambo la tatu, la kujulikana. Na mteja anaweza kuihamisha taa: akiwa Nyakato na kuandika "kuosha makochi Buhongwa", karabai inawaka Buhongwa, yeye akiwa amekaa palepale.

Tahadhari inafaa hapa. Google hawajachapisha hesabu yenyewe. Ushahidi kwamba nukta iliyofichwa ndiyo inayopimwa unatoka zaidi kwa watu wanaofanya kazi ya kuziweka biashara kwenye ramani. Wanachukua biashara moja, wanajaribu utafutaji uleule kutoka sehemu nyingi zilizopangwa kama miraba ya daftari la hesabu, na wanaona biashara ikiwa juu kuizunguka anwani iliyofichwa, kisha ikififia kadiri unavyosogea. Majaribio mengi ya aina hiyo yamefanyika kwenye miji ya Marekani na Uingereza, ambako mtaa mmoja unaweza kuwa na mafundi bomba kumi walioandikishwa. Ukienda mahali penye watatu tu jiji zima, taa inapaswa kuvuta kutoka mbali zaidi, kwa sababu wavu lazima ulete kitu. Nimeona dalili za hilo: kwa kazi ya kufungua mabomba yaliyoziba, nikiwa Mkuyuni, nililetewa mtu wa Igoma. Kwa makochi Buhongwa, nadhani wavu ulijaa kabla haujatufikia.

Kuna jambo jingine la Mwanza ambalo linanifurahisha kuliko linavyostahili. Ng'ambo ya ghuba iko Kamanga. Kwa mstari ulionyooka, kutoka katikati ya jiji Kamanga ni jirani kuliko Misungwi, na ukiitazama ramani kwa macho ya kunguru utasema muosha makochi aende huko kwanza. Lakini shemeji hana mabawa, ana mashine ya kilo nyingi na ratiba ya kivuko. Umbali wa ramani na umbali wa nauli ni vitu viwili kwenye jiji lililokaa kando ya maji na juu ya miamba. Ile kanuni ya saa mbili za gari angalau inajua habari za barabara. Kabla ya Juni 2025, kwenda Sengerema kwa kupitia Kigongo kulitegemea foleni ya kivuko, na mwendo uleule ungeweza kukulia nusu siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, lenye urefu wa takribani kilomita 3, Sengerema imeingia ndani ya saa mbili bila mtu kuisogeza.

Kuhusu nukta yenyewe, watu hudhani inahitaji jina la mtaa. Haihitaji. Chini ya ramani kuna latitudo na longitudo tu, na Google wana njia ya kuziandika kwa kifupi iitwayo Plus Code. Dunia inagawanywa miraba, kila mraba unagawanywa tena, mpaka unafika kipande cha takribani mita 14 kwa 14 chenye herufi na tarakimu kumi. Mwanza mjini zinaanza na 6G9J. Hakuna irabu humo kwa makusudi, ili msimbo usije ukaandika neno la aibu kwa bahati mbaya. Kwa hiyo lile jiwe la Bismarck lililo ziwani hapa Mwanza, lisilo na mtaa wala mjumbe, lina anwani kamili.

Basi maeneo yale 20 yana kazi gani? Yanamjibu mteja ambaye ameshakuona. Akifungua ukurasa anaona mpaka wa unakofika, hana haja ya kupiga simu kuuliza "mnafika Kisesa?" Ni kazi ya bango la ubavuni mwa gari. Bango halisogezi gari.

Tulifuta kumi na moja kati ya yale 20, tukabakiza anakokwenda kweli. Anwani tukaiacha Nyakato, kwake, ikiwa imefichwa vilevile, ila ikabidi ahakikiwe upya kwa video. Video inatakiwa ipigwe mfululizo bila kukatwa, isipungue sekunde 30, na ionyeshe mambo matatu: mahali ulipo, vifaa vya kazi, na ushahidi kwamba biashara ni yako. Hapo Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ikatusaidia bila kutarajia. Nilianzia kwenye kibao cha jina la mtaa, nikaja kwenye namba iliyobandikwa mlangoni, nikaingia stoo. Shemeji akawasha mashine, ikanguruma, akachukua brashi na kusugua mto wa kochi ambao haukuwa mchafu hata kidogo. Kisha leseni ya biashara ikashikwa mbele ya kamera kwa mkono wenye povu. Mara ya kwanza ilikataliwa kwa sababu nilisimamisha kurekodi katikati ili kumfukuza kuku.

Mara ya pili ikapita. Kuku yumo, pembeni, kwenye sekunde za mwanzo.

Buhongwa bado hatuonekani mtu akitafuta bila kutaja mahali. Wateja wa huko tunao sasa wanne, na wote wamekuja kwa njia ileile: mtu wa kwanza alioshewa kochi, akaacha nyota na sentensi mbili kwenye ukurasa akiitaja Buhongwa, akawapa majirani namba ya simu. Kama sentensi zile mbili zimeisogeza nukta hata kidogo, sina namna ya kuipima kwa soda na benchi. Sengerema nimeiongeza kwenye orodha wiki iliyofuata ufunguzi wa daraja, nikijua vizuri kwamba haitatupandisha popote. Simu ya kwanza kutoka huko ilianza hivi: "Nimeona mmeandika mnafika Sengerema. Nauli ya daraja naongeza mimi au ninyi?"