Senbazuru: korongo elfu moja wa karatasi wana maana gani?

Senbazuru ni neno la Kijapani linalotaja korongo elfu moja wa karatasi, waliokunjwa kwa mkono kisha wakatungwa kwenye nyuzi. Korongo mmoja huitwa orizuru. Hilo ndilo umbo linalojulikana zaidi katika origami, sanaa ya kukunja karatasi bila gundi na kwa kawaida bila mkasi. Wakifika elfu, huwa wamebeba ombi: mgonjwa apone, ndoa idumu, timu ishinde, vita vikome.

Wajapani wana msemo wa kale kwamba korongo huishi miaka elfu moja na kobe elfu kumi. Korongo wanayemsema ni yule mweupe mwenye shingo nyeusi na utosi mwekundu, ndugu wa korongo aliye kwenye bendera ya Uganda. Hukaa na mwenzi wake mwaka hadi mwaka, ndiyo maana utamwona hata kwenye kimono za maharusi. Kumkunja kwa karatasi nako si jambo la juzi: mwaka 1797 kulichapishwa Kyoto kitabu chenye mitindo 49 ya korongo walioshikamana, wote wakitoka kwenye karatasi moja.

Utamu wa kazi yenyewe hauelezeki vizuri mpaka ushike karatasi. Unaanza na mraba. Unaukunja kona kwa kona, unaukunja tena katikati, halafu unaukusanya uwe mraba mdogo wa tabaka kadhaa. Kingo mbili unazileta kwenye mstari wa kati, unazirudisha, kisha unainua tabaka la juu kuelekea juu huku pande zikiingia ndani zenyewe. Hapo ndipo wanaojifunza wengi hukwama, na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu ile mikunjo uliyoiacha mwanzo inakuongoza, na karatasi bapa inageuka umbo refu kama almasi. Unageuza na kurudia upande wa pili. Kinachobaki ni kupunguza upana wa miguu miwili, kuipindua kwa ndani iwe shingo na mkia, kuvunja ncha ya kichwa, na kushusha mabawa. Mkunjo wa kwanza ukienda upande kwa milimita moja tu, shingo itakuja kutoka imepinda. Korongo hana ugumu wa kukukatisha tamaa, wala si mwepesi kiasi cha kukuchosha. Baada ya kumrudia mara nyingi vidole vinamzoea, na akili inapata nafasi ya kumwaza yule unayemkunjia.

Kwangu mimi, maana ya senbazuru imekaa hapo. Yeyote anaweza kumwambia mgonjwa "ugua pole" kwa pumzi moja, lakini korongo elfu moja hula jioni nyingi. Mara nyingi hutungwa kwenye nyuzi 25, kila uzi korongo 40, na darasa zima au ofisi nzima hugawana kazi. Mgonjwa anapoziona zikining'inia karibu na kitanda chake, anaona muda ambao watu wameutoa kwa ajili yake.

Aliyewafanya korongo hawa wajulikane duniani kote ni Sadako Sasaki. Alikuwa na umri wa miaka miwili bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Alikua vizuri na alikuwa hodari wa mbio, kisha mwaka 1955 akalazwa kwa saratani ya damu. Kule hospitalini alianza kukunja korongo, hata kwa vikaratasi vya kufungia dawa. Alifariki tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 12. Masimulizi yaliyoenea husema hakufikisha elfu. Familia yake inasema alipita elfu na akaendelea kukunja, na mimi naona habari hiyo ina uzito zaidi: ombi la kwanza halikujibiwa, naye hakuacha. Wanafunzi wenzake walichangisha fedha, na tarehe 5 Mei 1958 ukazinduliwa Mnara wa Amani wa Watoto mjini Hiroshima. Korongo wapatao milioni 10 hupelekwa huko kila mwaka, na karatasi zake hutumika kutengenezea karatasi mpya.

Wajapani wenyewe hujadiliana kuhusu mahali pa kuzipeleka. Baada ya matetemeko makubwa ya ardhi, wako waliolalamika kwamba maboksi ya senbazuru yanachukua nafasi kwenye vituo vya waathirika, wakati watu wanahitaji maji, chakula na mablanketi. Naona wana haki. Senbazuru inamfaa mtu unayemjua, au mahali palipotengwa kuipokea kama Hiroshima. Kwa aliyebomokewa na nyumba usiku wa jana, tangulizeni blanketi.